Prosesa ya Kompyuta Mpakato na ya Kompyuta ya Kazi Nzito: Tofauti Inayojitokeza Baada ya Nusu Saa

Mtu anayetafuta kompyuta ya kazi jijini Dodoma, awe mpima ardhi anayegawa viwanja Nzuguni, mchoraji wa ramani za majengo mwenye ofisi Area C au mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayechakata takwimu za utafiti wake, hukutana mapema na swali la prosesa, yaani kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, na mara nyingi hulikuta limekwishavurugwa na maneno ya dukani. Upande mmoja kuna kompyuta mpakato mpya, nyembamba, yenye kibandiko cha Core i5 au Core i7. Upande wa pili kuna kasha zito lililotumika ofisini huko Ulaya, labda Dell Precision au HP ya mfululizo wa Z, lenye kibandiko cha Xeon. Bei zao zinaweza kukaribiana. Muuzaji wa kwanza atasema yake ni ya kisasa na inafika gigahezi 4.4, wa pili atasema yake ina viini 14, yaani vitengo 14 vya kufanya hesabu ndani ya prosesa moja. Wote wawili wanasema kweli, na bado mnunuzi anaondoka bila kujua ni ipi itakayomaliza kazi yake mapema.

Kasha la aina hiyo mafundi huliita wekistesheni, yaani kompyuta ya kazi nzito: mashine iliyoundwa ili ifanye hesabu kwa saa nyingi mfululizo bila kulegea. Kinachoitenganisha na kompyuta mpakato ni mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye kibandiko chochote. La kwanza ni kiasi cha joto ambacho prosesa inaruhusiwa kutoa kwa muda mrefu. La pili ni upana wa njia inayopeleka data kutoka kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hadi kwenye prosesa. Yote mawili hujificha katika dakika ya kwanza ya matumizi, na ndiyo maana majaribio ya haraka ya dukani, ya kufungua programu mbili tatu na kuona zinavyofunguka, hayamwambii mnunuzi jambo la maana.

Tuanze na jina, kwa sababu ndilo linalopotosha wengi. Watu huamini kwamba i7 ni bora kuliko i5 popote ilipo. Chukua prosesa mbili za Intel ambazo bado zimejaa kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika: Core i7-7500U ya mwaka 2016 na Core i5-8250U ya mwaka 2017. Ile i7 ina viini viwili tu, wakati i5 ina viini vinne. Ile i7 imeandikiwa kasi ya msingi ya gigahezi 2.7 na i5 imeandikiwa gigahezi 1.6, kwa hiyo anayesoma namba hizo peke yake atachagua i7 kwa moyo mkunjufu na kupata mashine dhaifu zaidi kwa kazi yoyote inayogawanyika kati ya viini. Zote mbili zimepewa kikomo kilekile cha joto, wati 15. Viini vinne vinavyogawana wati 15 haviwezi kuahidiwa kasi kubwa kwa wakati mmoja, ndiyo sababu namba yake ya msingi ni ndogo. Lakini kiini kimoja kikifanya kazi peke yake hupanda hadi gigahezi 3.4, karibu sawa na 3.5 za ile i7.

Herufi iliyo mwishoni mwa jina ina habari nyingi kuliko namba iliyo mwanzoni. Kwa Intel, herufi U huashiria prosesa ya matumizi madogo ya umeme, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya wati 15, na H huashiria ile ya kompyuta mpakato yenye nguvu, ya wati 45 au zaidi. Prosesa ya kompyuta ya mezani kama Core i7-8700 imewekewa wati 65. Zile kubwa za Xeon, pia za Intel, na za Threadripper za kampuni ya AMD, nyingi huwa kati ya wati mia moja na ushei na 350. Kwa hiyo i7 tatu zinaweza kusimama dukani bega kwa bega, moja ya wati 15, nyingine ya wati 45 na nyingine ya wati 65, na zikawa na uwezo ulioachana kabisa.

Ili kuelewa kwa nini wati zina uzito huo, inafaa kurudi nyuma miaka ishirini na ushei. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, watengenezaji waliongeza uwezo kwa kuongeza gigahezi. Pentium 4 ilitoka mwaka 2000 ikiwa na kasi ya gigahezi 1.5, na kufikia mwaka 2004 ilikuwa imefika 3.8. Hapo ikagota. Intel ilikuwa imepanga kutoa ya gigahezi 4, na mwaka huohuo ikaufuta mpango huo. Umeme unaoliwa na prosesa huongezeka kwa kadiri ya kasi, na pia kwa kipeo cha pili cha volti. Tena kasi ikipandishwa sana, volti nayo hulazimika kupandishwa. Ukipunguza kasi na volti kwa asilimia 20 kila moja, matumizi ya umeme hushuka hadi karibu nusu, kwa sababu 0.8 ikizidishwa yenyewe mara tatu hutoa 0.512. Maana yake ni kwamba kwa umeme uleule wa kiini kimoja kinachokimbia kwa nguvu zote, unaweza kuendesha viini viwili kwa asilimia 80 ya kasi na kupata kazi ya kiini kimoja na sehemu sita za kumi. Mwaka 2005 Intel na AMD zote mbili zilianza kuuza prosesa za viini viwili kwa watumiaji wa kawaida, na tangu hapo njia imekuwa hiyo.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza umbo la kompyuta ya kazi nzito. Xeon E5-2680 v4, iliyotoka mwaka 2016 na ambayo sasa inauzwa kwa bei nafuu kwenye makasha yaliyotumika, ina viini 14, kasi ya msingi ya gigahezi 2.4 na kikomo cha wati 120. Kiini chake kimoja hakina haraka ya ajabu. Kinafika gigahezi 3.3 kinapokimbia peke yake. Nguvu yake iko katika wingi wa viini na katika uhakika wa kwamba kasi ile ya msingi itabaki palepale saa ya kwanza hadi ya kumi, kwa sababu juu yake kuna kipande kikubwa cha chuma chenye mapezi, feni pana na nafasi ya kutosha ya hewa kupita.

Kompyuta mpakato huishi kwa mkopo wa joto. Mashine inapoanza kazi ikiwa imepoa, prosesa yake huruhusiwa kuvuka kikomo chake kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa chuma kilichoigusa bado kinaweza kufyonza joto hilo. Intel yenyewe ilianza kuliandika jambo hili waziwazi katika kizazi cha 12: Core i7-1255U ya mwaka 2022 ina wati 15 za msingi na wati 55 za juu kabisa. Tofauti kati ya 15 na 55 ndiyo tofauti kati ya kompyuta inayokuvutia dukani na kompyuta utakayobaki nayo baada ya kubofya kitufe cha kuchakata picha za droni na kwenda kunywa chai. Ikumbukwe pia kwamba viini 10 vya prosesa hiyo havilingani: viwili ni vikubwa na vya haraka, vinane ni vidogo na vya kubana umeme. Kuhesabu viini bila kuuliza ni vya aina gani ni kosa lilelile la kusoma i7 bila kusoma herufi ya mwisho.

Mkopo huo unaweza kushuhudiwa na yeyote bila kununua kifaa. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, ingia sehemu ya Performance, kisha CPU. Chini ya mchoro kuna namba iliyoandikwa Speed, inayobadilika kila sekunde, na karibu yake kuna Base speed, Cores na Logical processors. Anzisha kazi nzito, kwa mfano kubana folda kubwa au kuchakata video ndefu, halafu itazame ile namba ya Speed. Kwenye kompyuta ya i5-8250U itaanza juu ya gigahezi 3, feni itaanza kuvuma, kisha baada ya muda mfupi namba itateremka na kutulia kwenye 2 na kitu, au chini zaidi ikiwa njia za hewa zimeziba. Hakuna kilichoharibika. Prosesa imerudi kwenye wati ilizoahidiwa. Ukifanya jaribio hilohilo kwenye Xeon iliyopozwa vizuri, namba hubaki karibu palepale muda wote.

Mwezi Novemba 2020 Apple ilitoa jaribio zuri kuliko lolote ambalo mtu angeweza kulipanga. Prosesa moja, M1, yenye viini vinne vya haraka na vinne vya kubana umeme, iliwekwa ndani ya MacBook Air isiyo na feni kabisa na pia ndani ya MacBook Pro ya inchi 13 yenye feni. Kwa kazi za muda mfupi kompyuta hizo mbili zilikwenda sambamba. Kazi ilipokuwa ndefu, Air ilianza kujipunguzia kasi na Pro ikaendelea. Prosesa ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni uwezo wa kuondoa joto. M1 ilifundisha na jambo la pili: kwamba ubunifu mpya wa viini, pamoja na teknolojia ya nanomita 5, unaweza kuiwezesha prosesa ya wati chache kuzishinda zile za mezani zilizotengenezwa miaka michache kabla yake. Umri wa prosesa ni kigezo kikubwa, na wauzaji wa makasha ya zamani hawapendi kukitaja.

Suala la joto lina sura yake hapa Kanda ya Kati. Hewa ya mwinuko wa takribani mita 1,100 ni nyepesi kidogo kuliko ile ya pwani, kwa hiyo hubeba joto pungufu, lakini hilo ni jambo dogo. Kubwa ni vumbi. Kuanzia Juni hadi mvua za Desemba zinapoanza, upepo wa Dodoma hubeba vumbi jepesi linaloingia kila mahali, na ndani ya kompyuta mpakato hukusanyika mahali pamoja mahususi: kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba au aluminiamu yaliyo kwenye tundu la pembeni la kutolea hewa. Ukifungua kifuniko cha chini unaweza kuukuta ukoka wa vumbi uliosokotana kama kitambaa, umeziba upande wa ndani wa mapezi ambao hauonekani kwa nje. Kupuliza kutoka nje hakuutoi. Huusukuma urudi kwenye feni. Inabidi feni ifunguliwe, ukoka uondolewe kwa brashi, na ikiwa mashine ni ya miaka mingi, ile pasta ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na chuma ibadilishwe, maana hukauka. Anayepuliza kwa blowa aishike feni kwa kidole isizunguke, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi kupita kiasi vishikio vyake huharibika. Kompyuta nyingi zinazolaumiwa kuwa zimezeeka zimeziba tu, na zikisafishwa hurudi kwenye kasi yake ya zamani. Kasha la mezani nalo hula vumbi, pengine zaidi, lakini lina nafasi. Ukoka ambao ungeikaba kompyuta mpakato hulipunguzia kasha kidogo tu, na kulisafisha huhitaji dakika chache na bisibisi moja.

Sasa tuje kwenye RAM, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Prosesa haifanyi kazi na data iliyo kwenye diski. Huivuta kwanza kwenye RAM, kisha kwenye kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani yake iitwayo kache. Njia moja ya RAM ya aina ya DDR4-2400 hupitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Kompyuta mpakato nyingi huwa na njia mbili, jumla gigabaiti 38.4, lakini nyingi huuzwa zikiwa na kipande kimoja tu cha RAM, hivyo njia moja hubaki tupu na upana wote hukatwa nusu bila mnunuzi kuambiwa. Ile Xeon E5-2680 v4 ina njia nne, jumla gigabaiti 76.8 kwa sekunde, na kache ya megabaiti 35 ikilinganishwa na megabaiti 6 za i5-8250U. Bila upana huo viini 14 visingekuwa na faida: ukuta wenye mafundi kumi na wanne na saidia fundi mmoja hauinuki haraka kuliko wenye mafundi wanne, kwa kuwa wengi wao watakuwa wamesimama na mwiko mkononi wakisubiri tofali na mchanganyiko. Mtu anayenunua kasha la Xeon lenye kipande kimoja cha RAM cha gigabaiti 16 amejinunulia hali hiyohiyo. Ni bora vipande vinne vya gigabaiti 4, au vizuri zaidi vinne vya 8, kila kimoja kikiwa kwenye njia yake.

Ukubwa wa RAM nao una hesabu yake. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Excel hupokea safu mlalo 1,048,576 tu katika karatasi moja, kwa hiyo jedwali lenye mstari mmoja kwa kila mtu haliingii humo kabisa. Katika programu za takwimu kama R au Stata, jedwali la namna hiyo, tukichukulia kwamba taarifa za kila mtu zinachukua baiti 100, lingehitaji zaidi ya gigabaiti 6 za RAM kabla hesabu yoyote haijaanza, na hatua nyingi za uchambuzi hutengeneza nakala ya pili. Kwenye kompyuta mpakato ya gigabaiti 8 kazi hiyo huishia kuandikwa na kusomwa kwenye diski, na hapo aina ya prosesa haina maana tena. Kompyuta mpakato ya i5-8250U haivuki gigabaiti 32. Xeon E5 hupokea RAM kwa mamia ya gigabaiti. Kwa mtu wa takwimu sababu hii peke yake inaweza kutosha kuamua.

Prosesa za Xeon hukubali pia RAM ya kujisahihisha, inayojulikana kwa herufi ECC, ambayo hubeba biti za ziada ili biti moja (0 au 1) ikigeuka kwa bahati mbaya igundulike na irekebishwe papo hapo. Kwa anayeandika barua haina umuhimu. Kwa anayeendesha hesabu ya usiku kucha ambayo kosa lake moja lisiloonekana linaweza kuhamisha mpaka wa kiwanja au kupindisha makadirio ya utafiti, ina umuhimu, na ni moja ya sababu za mashine hizi kutengenezwa hivyo.

Yote hayo hayana faida ikiwa kazi yenyewe haigawanyiki. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, alionyesha kikomo ambacho hakijapata kuvukwa: sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoamua mwisho wa kasi yote. Tuseme asilimia 20 ya kazi lazima ifanywe hatua kwa hatua na kiini kimoja. Viini vinne vitaiharakisha mara 2.5. Viini 14 vitaiharakisha mara 3.9 hivi. Hata viini elfu moja havitafikisha mara 5. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mnunuzi ni programu anayoitumia, kabla ya kumuuliza fedha aliyonayo.

AutoCAD, inayotegemewa na wachoraji wengi wanaochora majengo ya jiji hili linalojengwa kila siku, hufanya sehemu kubwa ya kazi zake kwa kiini kimoja. Viini vingine hutumika katika mambo machache kama kutengeneza picha halisi ya jengo. Mchoraji wa namna hiyo akihama kutoka kompyuta mpakato mpya ya Core i5-1235U, ambayo kiini chake kikubwa hufika gigahezi 4.4 na ambayo ilitoka mwaka 2022, na kwenda kwenye Xeon ya 2016 yenye viini 14, mchoro wake utakuwa mzito zaidi kuliko mwanzo. Atakuwa amenunua viini 13 visivyo na la kufanya na kupunguza kasi ya kile kimoja anachokitegemea. Mtumiaji wa Stata naye aangalie leseni yake: Stata/SE hutumia kiini kimoja hata kama vipo 64, na ni Stata/MP pekee inayogawa kazi, tena kwa idadi ya viini vilivyolipiwa. R nayo, isipoelekezwa vinginevyo, hutumia kiini kimoja kwa hesabu zake nyingi.

Mpima anayerusha droni yuko katika hali tofauti kabisa. Picha mia kadhaa za eneo moja huunganishwa kuwa ramani kwa kulinganisha alama kati ya picha na picha, kisha kujenga mamilioni ya nukta za uso wa ardhi, na programu kama Agisoft Metashape hugawa kazi hiyo kwenye viini vyote na kwenye kadi ya picha pia. Kazi ni ya saa nyingi, inagawanyika, inakula RAM. Hapo Xeon ya zamani iliyojazwa RAM na kuwekewa kadi ya picha ya wastani huiacha mbali kompyuta mpakato ya herufi U ya bei ileile, na kila saa inayopita pengo huongezeka. Mtu anayetengeneza picha halisi za majengo kwa wateja yuko katika kundi hilohilo.

Video ina mshangao wake. Kompyuta mpakato za Intel huwa na kitengo cha picha ndani ya prosesa, chenye sehemu maalumu ya kufungua na kubana video za miundo ya H.264 na, katika vizazi vya karibuni, H.265. Xeon E5 haina kitengo hicho kabisa. Mhariri anayekata video za harusi au za mikutano zilizorekodiwa kwa kamera ya kawaida anaweza kukuta kompyuta mpakato ikicheza picha bila kukwama huku kasha la viini 14 lisilo na kadi nzuri likigugumia. Na kwa kuwa haina kitengo cha picha, kasha hilo bila kadi haliwashi hata skrini; anayelinunua ahakikishe kadi imo ndani.

Kuna kompyuta mpakato zinazouzwa kwa jina la wekistesheni: Dell Precision za kubeba, HP ZBook, Lenovo ThinkPad za mfululizo wa P. Baadhi zina kibandiko cha Xeon, na hapa tahadhari inahitajika. Xeon E3-1505M v5 ya mwaka 2015 ina viini vinne, gigahezi 2.8 hadi 3.7 na wati 45. Core i7-6820HQ ya wakati huohuo ina viini vinne, gigahezi 2.7 hadi 3.6 na wati 45. Kilicholipiwa zaidi ni uwezo wa kutumia RAM ya ECC. Kompyuta hizo ni nzuri, kwa sababu nyingi ni nene na zina feni mbili na nafasi ya vipande vinne vya RAM, lakini ubora huo unatokana na umbo lake. Neno Xeon halikuuongeza. Karibu na juu kabisa ya ngazi kuna Threadripper PRO 7995WX ya AMD, yenye viini 96, njia nane za RAM na wati 350, ambayo haihusiani na bajeti za wengi wetu. Ninaitaja ili ionekane kwamba njia ni ileile: viini vingi, RAM pana, joto jingi lililopangiwa pa kwenda.

Umeme ni gharama ambayo bei ya dukani haiionyeshi. Kasha la Xeon lenye kadi ya picha likivuta wati 250 kwa saa 10 hula uniti 2.5 za luku. Kompyuta mpakato ikivuta wati 40 kwa muda huohuo hula uniti 0.4. Kwa anayefanya kazi kila siku tofauti hiyo huonekana mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo, kompyuta mpakato ina betri, na umeme ukikatika katikati ya hesabu haipotezi kitu. Kasha huzimika palepale. UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme unapokatika) ndogo ya VA 650 inayouzwa kwa kompyuta za kawaida italishikilia kwa dakika chache tu, muda wa kuhifadhi na kuzima, na kwa hesabu ya saa sita inayoendeshwa usiku bila mtu hilo halisaidii isipokuwa programu yenyewe inahifadhi hatua zake. Anayenunua kasha apange bei ya UPS yenye ukubwa unaofaa ndani ya bei ya kasha, na asiihesabu kuwa nyongeza ya baadaye.

Kuna pia suala la Windows. Windows 10 iliacha kupewa masasisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Ile i7-7500U imebaki nje, i5-8250U imeingia, na Xeon E5 v4 imebaki nje pamoja na viini vyake vyote. Wapo wanaoisakinisha kwa njia za mkato, na kwa ofisi inayotunza taarifa za watu singeshauri. Kwa kazi za R, za programu ya ramani ya QGIS au za programu huria za kuchakata picha za droni, Ubuntu, mfumo huria unaochukua nafasi ya Windows, hufanya kazi vizuri kwenye Xeon hizo. Kwa AutoCAD na ArcGIS Pro, ambazo kwenye makasha kama haya zinahitaji Windows, umri huo wa prosesa ni kizuizi cha kweli, na kasha la bei nafuu linaweza kuwa ghali.

Kwa ofisi ndogo ya upimaji yenye fedha za mashine mbili, ningeshauri kompyuta mpakato ya kawaida yenye vipande viwili vya RAM kwa ajili ya uwandani na michoro, na kasha moja ofisini la kuchakata picha za droni usiku, likifikiwa kwa mtandao wa ndani. Mwenye fedha za mashine moja aanze na kazi inayomchukua muda mrefu zaidi kwa wiki, aichunguze kwenye Task Manager akiwa bado na kompyuta yake ya zamani au ya rafiki: grafu za viini zikijaa zote, anahitaji viini vingi zaidi, kikijaa kimoja na vingine vikalala, anahitaji kiini kipya chenye kasi, Memory ikikaribia asilimia 100, aongeze RAM kwanza, na huenda asihitaji kununua kompyuta kabisa. Kisha aende dukani na faili lake mwenyewe kwenye flashi, lile zito kuliko yote, aliendeshe kwenye mashine anayoitaka kwa nusu saa, na aiandike namba ya Speed mara mbili: dakika ya kwanza na dakika ya thelathini. Bei anayolipa ni ya ile namba ya pili.